Meza ya Riwaya: Mtoto ndani ya ngoma

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa aina moja ya uandishi: riwaya nzito, ya giza, inayochukua ngano za kale na kuzitumia kusema yale ambayo mtoto alitendewa na hakuweza kuyasema. Tumechagua sita na kuzifupisha.

Ndugu wahariri, mswada wangu una sura 24. Mhusika mkuu ni binti wa miaka minane anayelelewa na mjomba wake, na mjomba anamtesa. Kila sura inaanza na kipande cha ngano ya binti aliyetiwa ngomani na zimwi. Watu watatu wameusoma, na wote wananiambia kwamba kufika sura ya nne wanajua zimwi ni mjomba, na baada ya hapo vile vipande wanaviruka. Kosa liko wapi? (Msomaji, Tanga)

Dada, umetega kitendawili chenye jibu moja, na kitendawili kikishateguliwa hakuna anayekaa kukisikiliza tena. Vipande 24 vyote vinafanya kazi ileile ya kutwambia kwamba mjomba ni mbaya. Hilo sura zenyewe zimeshatuonyesha, tena vizuri zaidi.

Kwa wasiokumbuka: wasichana wanakwenda ufukoni kuokota makombe. Mmoja analiweka la kwake juu ya mwamba, analisahau, na wenzake wanakataa kurudi naye. Anarudi peke yake akiimba. Zimwi linamsikia, linamvuta karibu, linamtia ndani ya ngoma. Tangu siku hiyo linazunguka vijijini: likipiga ngoma, mtoto anaimba humo ndani, watu wanacheza na zimwi linalishwa. Hata siku moja ngoma inafika kwao, na mama anaitambua sauti. Kuna masimulizi mengi ya ngano hii, pwani na bara, lakini mifupa yake ndiyo hiyo.

Sasa itazame upya. Zimwi ndiye mhusika mwepesi kuliko wote humo. Wazito ni wale wenzake binti waliokataa kurudi, na wanakijiji wanaocheza. Ngoma ni tamu, chakula kinatolewa, na hakuna anayeuliza kwa nini ngoma hii ina sauti ya mtoto. Katika mswada wako wachezaji ni majirani wanaomsifu mjomba kwa kulea yatima. Umewapa aya mbili tu. Hao ndio ngano inawahitaji.

Fanya hivi. Toa vipande vyote 24 uviweke faili la pembeni. Ngano isimuliwe mara tatu tu katika riwaya nzima. Mara ya kwanza iwe mapema, kabla ya ukurasa wa 20, kwa maneno kama 700, kamili, na Paukwa! Pakawa! yake, kinywani mwa bibi au mtu mwingine ambaye mtoto anampenda. Mara ya pili iwe katikati, maneno 400 hivi, na safari hii msimulizi awe binti mwenyewe, anamsimulia mtoto mdogo zaidi yake. Mara ya tatu iwe karibu na mwisho, maneno 150, au wimbo peke yake.

Kila mara kitu kimoja kibadilike. Bibi anasema binti alisahau kombe. Binti akisimulia anasema hakulisahau, alitumwa kulifuata. Bibi anasema mama aliitambua sauti mara moja. Binti anasema mama alicheza kwanza. Hapo hatuhitaji kuambiwa lolote kuhusu nyumba ya mjomba, maana jeraha linaonekana pale ambapo mtoto ameibadilisha hadithi. Ili mabadiliko yasizagae, chora jedwali: kushoto andika kombe, mwamba, wenzake, ngoma, wimbo, mama, kulia safu tatu, moja kwa kila usimulizi. Badiliko lolote usiloweza kueleza kwa nini *mtoto huyu* alilihitaji, lifute.

Wimbo nao una kanuni yake. Kwa kuwa mama anaitambua sauti kwa wimbo, usiuguse katika usimulizi wa kwanza na wa pili. Uwe mfupi na wa kuimbika kweli: mistari yenye mizani nane nane inatosha, na kipimo chake ni makofi. Ukipiga makofi ukakwama, msomaji naye atakwama. Mfano: «Kombe langu li mwambani, na maji yanalijia.» Kisha katika usimulizi wa tatu badili neno moja tu: «Kombe langu li nyumbani.» Mizani ni ileile nane, na ngano nzima imehamia ndani ya ile nyumba.

La mwisho, iambie kompyuta ikutafutie neno «zimwi» nje ya zile simulizi tatu. Likitokea zaidi ya mara tano, bado unaeleza. «Alimkodolea macho kama zimwi» ondoa. Badala yake acha vitu vya ngano vipite kimyakimya katika sura za kawaida: kombe mfukoni, harufu ya ngozi ya ngoma inayooteshwa moto ili ikaze. Msomaji atanusa mwenyewe.

Napenda riwaya za namna hii lakini naona ngano zetu ni za sungura na fisi tu. Je, niazime zile za Ulaya, za mama wa kambo na nyumba ya peremende? Na isitoshe, ngano si ni za watoto? (Msomaji, Eldoret)

Tuanze na hizo za Ulaya, kwa sababu unazijua katika sura yake iliyopakwa rangi. Ndugu Jakob na Wilhelm Grimm walitoa juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wao wa ngano Ujerumani mwaka 1812, wakaendelea kuihariri hadi chapa ya 1857. Katika ile ya 1812, mwanamke anayetaka Hänsel na Gretel, wale watoto wa nyumba ya peremende, wakatupwe msituni ni mama yao mzazi. Kufika chapa ya 1840 amegeuzwa mama wa kambo. Yule binti mweupe kama theluji naye, mwaka 1812 aliwindwa na mama yake wa kumzaa. Mama wa kambo aliletwa mwaka 1819. Kwa hiyo mama wa kambo unayetaka kumwazima aliwekwa baadaye, ili jina la mama lisichafuke. Ni kifuniko. Mwandishi wa giza huchungulia chini ya kifuniko, hanunui kingine.

Kwetu kuna kasoro ya ziada: msomaji wa Kiswahili amekwisha mtilia shaka mama wa kambo tangu sentensi ya kwanza. Hofu haina pa kukaa. Iweke hatari kwa mtu ambaye jamii inamlinda.

Na kuhusu sungura na fisi, hapo umetudhulumu. Soma hekaya ambazo mmisionari Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Humo mna Sultani Majnuni na paka wake. Paka anaanza kula mifugo ya watu, watu wanakuja kushtaki, na jibu la Sultani ni moja: paka ni wake, na mali ni yake. Anakula mbuzi, jibu ni hilo. Anakula ng'ombe, kisha watu, na mwisho anawararua wana wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba anakubali kwamba huyo si paka tena, ni Nunda mla watu. Hatujui picha iliyo kali kuliko hiyo ya nyumba inayomlinda mdhalimu kwa sababu ni «wetu».

Kisha inakuja sehemu ambayo waandishi huipita bila kuitazama. Mtoto wa mwisho, yule wa kukaa jikoni, anatoka kumwinda Nunda, na hajui Nunda ana sura gani. Anaua mbwa, anamburura hadi kwa mama akiimba kwamba amemuua Nunda. Mama anaitikia: mwanangu, si yeye. Anarudi mwituni, anaua mnyama mkubwa zaidi, anaimba, na mama anaitikia vilevile. Anapanda hivyo hivyo hadi tembo, na bado si yeye. Hapo una muundo wa riwaya nzima: mtu mzima anayepigana na mwajiri, halafu na mume, halafu na jirani, kila mara akidhani huyu ndiye, na kila mara kuna sauti inayomwambia si yeye. Sura saba, wanyama saba. Huhitaji kutaja utoto mpaka sura ya sita.

Katika mkusanyiko huohuo mna binti wa mkono mmoja. Baba akifa anawataka watoto wachague mali au baraka. Kaka anachukua mali, dada anachukua baraka. Kaka anaendelea kumnyang'anya hata chombo cha kupikia, na siku anapokuja kuukata mboga wake, binti anaweka mkono juu yake akidhani kaka atasita. Hakusita. Mboga wenyewe ni wa maboga, kitu cha thamani ndogo kabisa, na udogo huo ndio unaouma. Ila uwe na tahadhari: baadaye mkono unarudi kwa muujiza ziwani. Ukiunakili muujiza huo jinsi ulivyo, riwaya yako itadanganya. Nakili kinachofuata, pale binti anaposimulia kisa chake chote mbele ya watu na kaka yumo, ameketi, anasikiliza.

Swali lako la mwisho: ngano zilisimuliwa usiku, watoto wakiwapo pamoja na wakubwa. Kuwapo kwa mtoto hakukuzifanya kuwa za watoto.

Mhariri wangu anasema mtoto anayesimulia katika riwaya yangu (ana miaka saba) anaongea kama wakili. Nimeshapunguza maneno magumu lakini bado. Nisaidieni. (Msomaji, Unguja)

Maneno magumu ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba mtoto wako *anahitimisha*. Mtoto wa miaka saba haoni dhuluma, anaona ndara. Anajua ni ndara za nani kwa jinsi zinavyoburuta sakafu, na anajua zimesimama mlango gani. Shusha kamera hadi urefu wa magoti: ukingo wa kitanda, miguu ya meza, pindo la kanzu. Akitaka kuukimbia muda, mpe kitu cha kuhesabu. Kuna kanga imetundikwa mlangoni, naye ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Basi anasoma jina lake herufi moja moja hadi kelele ziishe. Miaka ishirini baadaye hakumbuki uso wa mtu, anakumbuka maneno ya kanga.

Mtoto pia hutafuta sababu, na huipata isiyo sahihi. Anaamini yametokea kwa kuwa alimwaga maziwa. Usimsahihishe. Usahihishaji wowote ndani ya sura ni sauti ya mtu mzima iliyojificha nyuma ya mlango, na mhariri wako ameisikia.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, kwa sababu Kiswahili kinakupa vyombo ambavyo wengi hawavitumii. Ngano ina mwendo wa -li- na -ka-: *alikwenda, akaokota, akarudi*. Nyumbani siku za kawaida tumia hu-: *mjomba hurudi magharibi, huvua viatu, huuliza chai*. Hu- haina tarehe, ndiyo maana inatisha: jambo hili ni la kila siku. Tukio lenyewe la kuumizwa lipe -na-, au ile -a- fupi: *mlango wafunguka, taa yazimika*. Kumbukumbu ya kiwewe hairudi kama jambo lililopita, hurudi kama linalotokea sasa hivi, na kitenzi kibebe mzigo huo. Ukishaigawa hivi, usichanganye. Sura moja yenye -ka- na -na- zilizotapakaa ovyo huonekana uzembe wa mwandishi, haionekani kuvurugika kwa mtoto.

Halafu kuna upatanisho wa ngeli. Methali inasema «zimwi likujualo halikuli likakwisha», na humo zimwi ni *li*. Mtu ni *a*. Katika kurasa zote mtoto aseme «mjomba aliingia». Siku moja tu, mara moja tu, aseme «mjomba likaingia». Kosa hilo dogo la sarufi linafanya kazi ya kurasa tatu. Mwandikie msanifu na mhariri barua kwamba ni la makusudi, la sivyo watalirekebisha. Na ukilirudia mara ya pili litakuwa mzaha.

Kwa urefu: sentensi nyingi za mtoto ziwe chini ya maneno 12. Akianza kutumia «ilhali» na «licha ya», mrudishe sakafuni.

Nionyeshe ukatili kiasi gani? Nikificha naona kama nawaogopa wasomaji, nikionyesha naambiwa nimepita kiasi. (Msomaji, Mombasa)

Kuna mpaka mmoja ambao hatuupimi kwa kiasi. Ukatili wa kingono kwa mtoto hauonyeshwi: si kitendo, si mwili wake. Mchapishaji makini atakurudishia mswada, na atakuwa na haki. Kuna na sababu ya kifasihi. Ukiuchora, unamketisha msomaji miongoni mwa wale wanaocheza ngoma. Andika kabla na baada. Mlango, kisha nafasi tupu ya mistari minne, kisha asubuhi na mtoto anayekataa kuvua sweta kwenye joto la mchana.

Kipigo ni tofauti kidogo. Onyesha kimoja kwa ukamilifu, kisizidi ukurasa mmoja na nusu, na vingine vyote vipite kwa mstari mmoja. Vipigo vitano vya urefu sawa humchosha msomaji hadi asisikie, na hapo umefanya kinyume cha ulichokusudia. Wengi hushindwa hapa kwa kudhani kwamba kuongeza damu ni kuongeza uzito.

Mwombe mchapishaji aweke mwishoni mwa kitabu namba 116, simu ya msaada kwa watoto inayotumika Kenya, Tanzania na Uganda. Ni mstari mmoja tu.

Kisa ninachotaka kuandika ni cha binamu yangu. Nikibadilisha majina nitakuwa salama? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Majina ndicho kitu cha mwisho ambacho watu hutambuliana nacho. Badili mji, kazi ya baba, idadi ya watoto, umri kwa angalau miaka mitatu, na jinsi tukio lilivyojulikana, kwa sababu hilo la mwisho ndilo ukoo wote unalikumbuka. Kabla ya hayo mwulize yeye, ana kwa ana, na umwachie nafasi ya kukataa hata baada ya kukubali. Akikataa, kisa hakikufii mikononi. Ipe ngano nafasi ya kisa: mwondoe binamu mzima, ubaki na hisia moja tu uliyoiona kwake, uijengee mtoto mwingine asiyefanana naye. Riwaya nyingi za aina hii huwa bora zikipitia njia hiyo, maana mwandishi anaacha kubishana na ukweli wa familia.

Je, ni lazima zimwi life mwishoni? Na lazima mtoto asamehe? (Msomaji, Bujumbura)

Kusamehe si lazima, na ukikuweka kwa sababu sura ya mwisho inahitaji utulivu, itaonekana.

Kuhusu zimwi, rudi kwenye ngoma. Mama akishaitambua sauti hapigi kelele. Anamkaribisha zimwi, anampa chakula na pombe, anamtandikia. Akilala, wanamtoa mtoto na kuijaza ngoma nyuki, au nyoka, kulingana na msimulizi. Asubuhi zimwi linaondoka na ngoma yake, linaipiga, haiimbi. Linakwenda kuifungua likiwa peke yake.

Waandishi hukimbilia wale nyuki. Sisi tungekaa kwenye ule usiku. Mama anapika kwa ajili ya aliyemteka mwanawe, anacheka naye, anasubiri apitiwe na usingizi, na mtoto yumo ngomani hajui kama mama amemsikia au amecheza tu kama wengine. Usiku huo unaweza kuchukua maneno 3,000 na usichoshe. Mtoto akitolewa, usimpe hotuba. Viungo vimekufa ganzi, hawezi kusimama, mwanga unamuumiza macho. Mama anamwuliza anataka nini. Naye anauliza kama kombe lake bado lipo mwambani, au maji yalishalichukua.